Mbwa wa Jirani

Masomo: Kutoka 23:4-5, Kumbukumbu la Torati 22:1-4, Mithali 12:10



Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo mno kwa gazeti la kanisa. Twataka kufikiri pamoja juu ya mbwa wa jirani ambaye hatunzwi. Karibu kila mmoja wetu amjua mbwa wa namna hiyo. Amefungwa kwa kamba fupi nyuma ya jiko, mchana kutwa juani. Sufuria yake ya maji imekauka. Mbavu zake zahesabika, masikio yamejaa kupe, na shingoni kamba imeanza kuingia katika nyama. Usiku hulia, nasi hugeuka kitandani na kusema, "Mbwa yule atusumbua." Asubuhi twapita njia yetu.

Swali la somo ni hili: mbwa si wetu, na mwenyewe yupo. Yatupasa kufanya nini?

1. Njia mbili zisizofaa

Njia ya kwanza ni kunyamaza. Twasema kwamba mali ya mtu haiguswi, na kwamba kila mtu na nyumba yake. Hii yaonekana kuwa amani, lakini ni amani ambayo gharama yake yalipwa na mnyama asiyeweza kusema.

Njia ya pili ni kumrukia mwenye mbwa. Twamsema vibaya bombani, twamgombeza mbele ya watoto wake, au usiku twaikata kamba ili mbwa aende zake. Njia hii yatupotezea jirani, na mbwa mwenyewe hafaidiki. Mbwa aliyefunguliwa usiku huzurura, hula kuku wa watu, hugongwa na gari, au akikamatwa hufungwa kwa kamba fupi kuliko ile ya kwanza.

2. Torati yatufundishaje

Katika Kutoka 23 twasoma habari za punda aliyelala chini ya mzigo wake. Punda huyo ni wa mtu anayetuchukia, na hata hivyo haturuhusiwi kumpita. Katika Kumbukumbu la Torati 22 jambo hilo larudiwa kwa mnyama wa ndugu yetu, tena twakatazwa kujifanya kwamba hatukuona.

Sasa tuangalie neno moja ambalo ni rahisi kulipita. Mahali pote pawili twaambiwa tumwinue mnyama pamoja na mwenyewe. Hatukuambiwa tumnyang'anye punda, wala tumhubirie mwenye punda huku mnyama amelala chini. Mwenyewe ashika upande mmoja, nasi twashika upande wa pili. Basi hili ndilo neno la somo letu: njia ya kumfikia mbwa wa jirani yapitia kwa jirani.

3. Kwanza tutafute sababu

Mara nyingi mbwa hatunzwi kwa sababu nyumbani kuna shida. Huenda mzee aliyemfuga amefariki, na mjane amwogopa mbwa hata kumkaribia. Huenda baba mwenye nyumba ni mgonjwa, au amekwenda mjini kutafuta kazi, na mbwa ameachiwa watoto. Huenda fedha hazitoshi. Wengine nao hawajui: wameambiwa tangu utotoni kwamba mbwa mwenye njaa ndiye mlinzi mkali, au kwamba mbwa hapati kiu kama watu. Hayo si kweli. Mbwa mwenye njaa hudhoofika, huugua, na humfuata mtu yeyote mwenye mfupa, hata mwizi.

Basi kabla ya kuhukumu, tujue. Aliyefiwa hahitaji maneno yale yale ambayo mtu mkatili ayahitaji.

4. Namna ya kumwendea jirani

Wahenga walisema kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Tuende mchana, mmoja au wawili, wala si kundi. Tubishe hodi, tuulize habari za watu kwanza. Kisha tutoe msaada badala ya lawama. Badala ya kusema, "Mama, unamtesa mbwa," twaweza kusema, "Mama, nimemwona mbwa wenu ana kidonda shingoni. Nina kamba laini nyumbani. Je, naweza kuja jioni na kijana wako tumbadilishie?" Maneno ya kwanza yafunga mlango. Maneno ya pili yamwacha mwenye mbwa akiwa mwenye mbwa bado.

Jirani akiwa Mwislamu mwenye mbwa wa ulinzi, tukumbuke kwamba mate ya mbwa kwake ni najisi. Basi tusitumie chombo chake cha chakula kumlishia. Wala asidhani twamletea mambo ya dini yetu, maana mapokeo ya dini yake nayo yasimulia habari za mtu aliyemtekea maji kisimani mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake.

5. Msaada wenyewe

Baada ya kupata ruhusa, haya ndiyo ya kufanya:

(a) Maji. Chombo kizito kisichopinduka, kijazwe maji safi kila siku, kiwekwe mahali ambapo kamba yafika. Hili halina gharama, nalo latangulia yote.

(b) Kivuli na kamba. Kamba iwe ndefu, hata mbwa aweze kutembea, kulala kivulini, na kwenda haja mbali na anapolala. Shingoni avae ukanda mpana, ambao vidole viwili vyapita chini yake. Afadhali zaidi afunguliwe usiku ndani ya ua uliofungwa.

(c) Chakula. Mbwa aliyekonda sana asipewe sahani kubwa kwa mara moja, maana yaweza kumdhuru. Apewe kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Ugali wenye dagaa au mabaki ya nyama wafaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe, kwa kuwa hupasuka vipande vikali na kuchoma matumbo. Vitunguu navyo ni sumu kwake.

(d) Kupe, upele na minyoo. Watu wengine humpaka mbwa mwenye upele oili chafu ya gari. Tusifanye hivyo kamwe. Oili huunguza ngozi, naye akijilamba huingia tumboni kama sumu. Wala tusichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuichanganya kwa kukisia. Tumwulize bwana mifugo, atueleze dawa na kipimo chake. Vivyo hivyo kidonda chenye funza au kamba iliyozama katika nyama ni kazi yake. Gharama yaweza kugawanywa kati ya nyumba tatu au nne.

(e) Uangalifu. Mbwa aliyeteswa huuma kwa hofu. Tusimwendee anapokula, tusimkazie macho, tusimwinamie kutoka juu. Watoto wasitumwe kazi hii peke yao.

6. Kichaa cha mbwa

Hapa jambo lawa zito, maana lahusu uhai wa watoto wetu. Mbwa asiyetunzwa kwa kawaida ni mbwa asiyechanjwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, kama 40 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Ugonjwa huu wazuilika. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa, wanadamu wanayo chanjo yake. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wa jirani ni ulinzi wa mtoto wa jirani na wa kwetu pia. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wakati huo tumwulize bwana mifugo kama kuna chanjo, na tumsaidie jirani kumpeleka mbwa wake.

Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Na mbwa ambaye tabia yake imegeuka ghafla, atokwaye na udenda, ashindwaye kumeza, au aumaye hovyo, tusimkaribie hata kwa nia njema. Tuwaambie watu wakae mbali, tumwite bwana mifugo.

7. Jirani akikataa

Tuseme tumekwenda mara ya kwanza na ya pili, tumetoa msaada, na jirani amekataa, huku mbwa aendelea kufa kwa kiu au kupigwa. Hapo "pamoja naye" haimaanishi kunyamaza naye. Tumwombe mzee anayemheshimu aseme naye. Akikataa bado, tumpelekee habari mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, na afisa mifugo. Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ukatili kwa mnyama ni kosa mbele yake. Tueleze tulichokiona kwa macho, siku na mahali, bila kuongeza. Na jirani ajue kutoka kwetu kwamba tunakwenda. Asisikie kwa watu. Kwa kufanya hivyo, hata baada ya shauri bado tutaweza kubisha hodi kwake.

8. Je, hatuna watu wenye njaa?

Wengine watauliza hivyo, na swali ni la haki. Mtoto mwenye njaa atangulia. Lakini maji ya mbwa hayatoki katika kikombe cha mtoto, na huruma haipungui kwa kutumiwa.

Mwaka 1824, mjini London, watu wachache walikutana wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Katibu wake wa kwanza alikuwa padre wa Kianglikana, Arthur Broome, aliyeacha kazi yake ya parokia ili akitumikie chama hicho. Mwaka 1826 akafungwa gerezani kwa sababu ya madeni ya chama. Pamoja naye alikuwako William Wilberforce, yule aliyepigana miaka mingi mpaka Bunge la Uingereza likapiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Mtu huyo hakuona kwamba kumhurumia mnyama kungemzuia kumtetea mwanadamu. Nasi tunaojua habari za soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873 na mahali pake pakajengwa Kanisa Kuu la Kristo, twajua jinsi watu walivyozoea kupita karibu na mateso bila kugeuza shingo. Mazoea hayo huanza kwa mambo madogo, na kwa mambo madogo yaweza kuachwa.

Maswali ya kuzungumza

1. Je, yuko mbwa asiyetunzwa katika mtaa wetu? Twajua nini juu ya shida za nyumba yake?
2. Ni nani kati yetu asikilizwaye na jirani huyo, naye aweza kubisha hodi?
3. Mbwa wetu wenyewe je? Wana maji leo? Walichanjwa lini?
4. Ni nani atakayemwona bwana mifugo kabla ya mkutano ujao, aulize siku ya chanjo na gharama yake?

Kila kikundi kiandike jibu la swali la 4 na jina la aliyetumwa, kimpe katibu wa mtaa kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi.