Mnunuzi wa maembe atazame chini ya mti kabla ya kutoa fedha

MWANZA: Walanguzi wengi wanaonunua maembe yakiwa bado mtini, Ukerewe au Sengerema, hupatana bei kwa kutazama matawi. Hasara yao huwa ardhini.

Inzi wa matunda aina ya Bactrocera dorsalis, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Jike hutoboa ngozi ya tunda na kutaga mayai ndani. Siku ya kununua, embe huonekana zima kabisa. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, funza wakaanza kula, na mzigo ukichelewa kuvuka ziwa, tenga hufika sokoni likivuja maji.

Chukua mfano wa matenga 100 yaliyonunuliwa kwa Sh. 20,000 kila moja. Jumla ni Sh. 2,000,000. Yakioza 20, kila tenga zima limemgharimu mnunuzi Sh. 25,000. Akiuza kwa Sh. 24,000, bei aliyodhani ina faida nono, amepoteza Sh. 80,000 kabla ya kulipa nauli na wapagazi.

Funza akishiba hutoka kwenye embe lililoanguka, hujifukia udongoni, na baada ya siku kama kumi huruka akiwa inzi kamili. Kwa hiyo shamba lenye maembe yaliyooza chini linafuga hasara ya mavuno yanayofuata. Mkulima makini huyaokota kila baada ya siku chache na kuyafukia futi mbili. Mapera yaliyoiva pembeni nayo yaokotwe, kwani inzi huyu huyapenda pia.

Mitego ya harufu husaidia, ila ile ya kawaida hunasa madume tu. Ikijaa, ni dalili ya hatari, si tiba. Dawa inayonyunyizwa ovyo haimfikii funza aliye ndani, na huua maji moto, wale siafu wekundu wa mitini ambao wachumaji huwalaani kwa kung'ata lakini huwafukuza inzi.

Mnunuzi apasue maembe machache yaliyoanguka. Akikuta funza, apunguze bei, au alipe nusu shambani na nusu baada ya kuchambua mzigo Mwanza. Mavuno yachumwe yakiwa yamekomaa lakini hayajaiva, maana embe lililoiva mtini ndilo linalowavuta inzi zaidi.