Dondoo Muhimu: Peugeot Kuukuu Imegongwa, Udai Bima au Utengeneze Mwenyewe?

Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, bado lina wapenzi wake Kisii na Nyamira. Lako likigongwa barabara ya Kisii–Keroka, usikimbilie fomu ya madai.

Soma kwanza mkataba wako. Bima ya mhusika wa tatu hailipi hata shilingi kwa gari lako mwenyewe. Ukiwa na bima kamili, linganisha bei ya fundi na kiasi unachojilipia kabla ya kampuni kulipa, ukijumlisha punguzo la wasiodai utakalopoteza.

Hatari kubwa ni mthamini kulikadiria gari kuukuu bei ya chini, kisha kampuni iseme halifai kutengenezwa. Kama hamkukubaliana thamani kwa maandishi mapema, bampa na taa mimi ningezilipia mwenyewe.

Bodi ikijipinda, hesabu inabadilika. Funga boneti, utazame upenyo kati yake na madigadi. Ukiwa mpana upande mmoja, au mlango ukifungika kwa kusukumwa, tafuta fundi mwenye vipimo kabla ya kuamua lolote. 504 ya saluni haina chasi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba gari zima.

Kuna aliyeumia, au gari la mwenzako limeharibika? Tafadhali usimalizane naye kimyakimya. Ripoti polisi ndani ya saa 24, chukua abstrakti na uijulishe kampuni ya bima hata kama hudai. Ukinyamaza, inaweza kukataa kukusimamia atakapokushtaki.