Dondoo muhimu: Diski iliyozama kwenye mafuriko

Mafuriko ya Januari 2014 yaliyoikumba Magole, wilayani Kilosa, yalikuja na tope, na tope ndilo adui wa diski ya nje yenye sahani zinazozunguka. Usiianike juani wala kuifukia kwenye mchele (mchele huo heri upikwe): maji yakikauka, uchafu hugandia kwenye sahani, na kichwa kinachosoma mafaili, ambacho hupita juu yake bila kuzigusa, huzikwaruza mara umeme unapoingia. Utaambiwa, “Mbona ya fulani ilikaushwa ikawaka?” Kuwaka si kupona, inaweza kuzima kabla hujanakili hata picha moja. Usiichomeke, usiifungue. Itie ingali na unyevu kwenye mfuko usiopitisha hewa, umpelekee haraka fundi mwenye vifaa vya kuokoa data, hata ikibidi kwenda Dar es Salaam.