Kabla Bandama Haijatolewa Yote, Uliza

Ukiambiwa una uvimbe kwenye bandama na kwamba si saratani, usiharakishe kukubali itolewe yote. Uliza kwanza kama kuna haja ya kupasuliwa. Kifuko kidogo cha maji kisichouma wala kukua hufuatiliwa tu kwa ultrasaundi. Upasuaji una maana pale kinapouma, kinapoongezeka, kinapokuwa kikubwa kiasi cha kuweza kupasuka, au madaktari wanapotilia shaka ni kitu gani.

Swali la pili wagonjwa wengi hawaliulizi: "Daktari, kipande kinaweza kubaki?" Bandama huchuja damu na kunasa bakteria, hasa wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, pamoja na vimelea vya malaria. Asiye nayo akipata maambukizi makali anaweza kufariki ndani ya saa chache. Ikibaki hata robo yake yenye damu ya kutosha, mara nyingi kazi hiyo huendelea.

Kubakiza kunawezekana kwa sababu mshipa wa bandama hujigawa matawi, kila tawi likilisha sehemu yake. Katika upasuaji wa matundu madogo, mgonjwa hulazwa ubavu wa kulia, tumbo hujazwa gesi, kisha kamera na vifaa hupitishwa kwenye matundu machache. Daktari hufunga tawi linalolisha upande wenye uvimbe. Upande huo hugeuka rangi, ukawa mweusi wa zambarau, na mpaka huonekana wazi. Daktari hukata ndani kidogo ya sehemu iliyokosa damu ili isivuje sana. Uvimbe uliokaa penye lango la mishipa, au uliotapakaa bandama nzima, haufai kwa njia hii. CT skani ndiyo huonyesha hilo mapema.

Wafugaji, na wote wanaoishi karibu na mbwa, mwambieni daktari hivyo mapema. Kifuko kinaweza kuwa cha tegu wa mbwa, ugonjwa unaojulikana sana Turkana. Kikitoboka, maji yake huweza kuleta mzio wa kuua na kusambaza ugonjwa tumboni. Kwa hiyo kisichomwe sindano kiholela.

Pata chanjo za nimokokasi, meningokokasi na Hib angalau wiki 2 kabla ya upasuaji, hata kama mpango ni kubakiza nusu. Damu ikikataa kusimama, daktari atalazimika kufungua tumbo, pengine kuitoa bandama yote. Ukiridhia upasuaji, ridhia ukijua hilo, na ndugu wa kuchangia damu wawe tayari. Mimi ningeuliza pia daktari amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi. Swali hilo si utovu wa adabu.

Ukirudi nyumbani, acha mizigo mizito na mpira mpaka daktari akuruhusu, na usikose kulala ndani ya chandarua. Majibu ya maabara ya kipande kilichotolewa yafuatilie mwenyewe. Ikiwa bandama ilitolewa yote, mwambie hivyo kila daktari atakayekutibu, na homa ikikupata, hata usiku wa manane, nenda hospitali saa ileile.