Kuhamisha Hazina ya Nyimbo kwenda Kompyuta Mpya

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kuhamisha nyimbo zake zote kutoka kompyuta kuukuu kwenda mpya bila kupoteza hata mmoja, na atazifahamu haki zake anaponunua flashi au anapompa fundi kazi hiyo.

Utangulizi

Tuchukue mfano wa kwaya moja katika kambi ya Nduta, wilayani Kibondo. Tangu kambi hiyo ilipofunguliwa upya mwaka 2015 kupokea wakimbizi kutoka Burundi, kwaya imekuwa ikirekodi nyimbo zake na kuzitunza katika kompyuta mpakato moja. Baadhi ya waimbaji wamekwisha kurejea kwao, na sauti zao zimebaki ndani ya kompyuta hiyo tu. Sasa kompyuta inazimika yenyewe kila mara. Wanakwaya wamechanga fedha, wakanunua nyingine iliyokwisha kutumika, na katibu amekabidhiwa kazi ya kuhamisha nyimbo.

Wimbo wa msanii mashuhuri ukipotea, utapatikana tena katika kibanda chochote cha kuingiza nyimbo, Kibondo au Kasulu. Wimbo wa kwaya hii ukipotea hautapatikana popote. Kwa sababu hiyo, kanuni kuu ya somo hili ni moja: nakili kwanza, hakiki pili, futa mwisho.

Fahamu aina za nyimbo ulizo nazo

Nyimbo zilizomo katika kompyuta si za aina moja, wala hazihamishwi kwa njia moja.

(a) *Nyimbo ulizorekodi mwenyewe.* Hizi ndizo za kushughulikiwa kwanza, kwa kuwa hazina mbadala.

(b) *Nyimbo ulizonunua au kuingiziwa kama faili.* Kwa kawaida hizi hunakiliwa kama faili nyingine yoyote.

(c) *Nyimbo ulizopakua ndani ya programu kama vile Boomplay au Spotify.* Hizi zimefungwa ndani ya programu na akaunti yako. Hata ukizinakili kwenye flashi, hazitacheza mahali pengine. Huna budi kuweka programu hiyo katika kifaa kipya, kuingia kwa akaunti yako na kuzipakua upya, jambo litakalotumia bando. Kabla ya kuiacha kompyuta kuukuu, hakikisha unalikumbuka jina la akaunti na nywila yake. Kumbuka pia kwamba malipo ya kila mwezi ni mfano wa kodi ya nyumba: ukiacha kulipa, kwa kawaida nyimbo ulizopakua hufungwa.

Jambo jingine ni orodha za kuchezea nyimbo. Orodha haina wimbo ndani yake; ina anwani ya mahali wimbo ulipo. Ukinakili orodha pekee, utakuwa umebeba majina matupu. Ukihamisha nyimbo na kuziweka katika folda yenye jina jingine, orodha huenda isizione. Weka folda kwa jina lilelile na mahali palepale kila inapowezekana.

Pima mzigo kabla ya kununua chombo

Wimbo wa dakika 4 wa mp3 uliorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takribani megabaiti 4. Ukirekodiwa kwa kilobiti 320, huchukua takribani megabaiti 10. Wimbo huohuo usiobanwa, wenye ubora wa CD, hufikia megabaiti 42 hivi. Kwa hiyo nyimbo 1,000 za aina ya kwanza huhitaji gigabaiti 4, lakini rekodi 1,000 zisizobanwa huhitaji zaidi ya gigabaiti 40.

Kwaya zenye video zizingatie jambo moja zaidi. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, hata kama nafasi imebaki tele. Flashi ya namna hiyo ifomatiwe kwa mfumo wa exFAT, ikiwa bado haina kitu ndani.

Hatua za kufuata

1. Chaji betri zijae, au fanya kazi wakati umeme ni wa uhakika.
2. Kusanya nyimbo zote katika folda moja. Tafuta pia kwenye eneo-kazi na katika folda ya vitu vilivyopakuliwa.
3. Tumia amri ya kunakili, si ya kukata. Ukikata, kisha umeme ukakatika katikati ya kazi, baadhi ya faili zitabaki huku na nyingine zitakuwa kule.
4. Nakili kwenye vyombo viwili tofauti, kwa mfano flashi na diski ya nje. Nakala moja ikae kwa mtu mwingine.
5. Iambie kompyuta itoe flashi kwa usalama kabla ya kuichomoa.
6. Nakili kutoka kwenye flashi kwenda kompyuta mpya.
7. Fungua maelezo ya folda katika kompyuta zote mbili. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wake. Kisha cheza nyimbo kadhaa, za mwanzo, za katikati na za mwisho, hadi zimalizike.
8. Kaa na kompyuta kuukuu kwa majuma machache kabla ya kufuta chochote.

Hatari zinazowapata watumiaji wengi

*Virusi vinavyoficha folda.* Ukifungua flashi ukakuta folda zimegeuka kuwa vialama vyenye mshale, usibofye wala usifomati. Mara nyingi nyimbo hazijafutwa, zimefichwa tu. Safisha flashi kwa programu ya kingavirusi, kisha iamuru kompyuta ionyeshe faili zilizofichwa.

*Flashi bandia.* Baadhi ya flashi huonyesha gigabaiti 64 ilhali uwezo wake halisi ni mdogo mno. Chombo cha namna hiyo hupokea faili zote bila kulalamika, lakini zinazozidi uwezo wake huharibika. Bei ya chini kupita kiasi iwe onyo. Ijaribu flashi kwa kuijaza na kuifungua faili moja moja kabla ya kuiamini.

*Fundi asiyeambiwa.* Mafundi wengi hufomati diski ili kuondoa tatizo. Mwambie kwa maandishi kwamba data isifutwe, na hitaji risiti yenye maelezo ya kazi.

Haki na wajibu wako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza bidhaa bandia. Ukiuziwa flashi isiyo na uwezo ulioandikwa, tunza kifaa, kifungashio na risiti, mrudie muuzaji, na akikataa, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani.

Nawe una wajibu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za wasanii. Kuuza nakala za nyimbo zao bila idhini ni kosa. Sheria hiyohiyo huilinda kwaya yako: kibanda hakina haki ya kuuza rekodi zenu kwa sababu tu mliziacha humo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini hatutumii amri ya kukata?
2. Una nyimbo zipi ambazo zikipotea leo hazitapatikana popote?
3. Nakala ya pili ya nyimbo hizo iko wapi, na kwa nani?

Ikiwa swali la tatu limekosa jibu, usisubiri kununua kompyuta mpya. Nakili leo.