Somo la Ufundi: Kiegemeo cha Mishumaa ya Matabaka ya Mshazari

Mshumaa mweupe wa kawaida hauna faida kubwa kwa anayeutengenezea nyumbani. Viwanda huutoa kwa bei ambayo wewe, ukinunua nta kilo mojamoja, huwezi kuifikia. Mshumaa wa matabaka ya rangi yaliyolala mshazari ni habari nyingine. Huo hununuliwa kwa urembo: mezani kwenye harusi, hotelini, kanisani wakati wa Krismasi. Siri yake ni ndogo. Unamimina nta kidogo kalibu ikiwa imeinama, unangoja ishike, unaiinamisha upande wa pili na kumimina rangi nyingine.

Taabu iko kwenye kuinamisha. Mara yangu ya kwanza niliegemeza kalibu kwenye matofali mawili, juu ya meza ya shemeji yangu. Tofali moja lilisogea na nta yote ikaishia kwenye kitambaa cha meza. Kitambaa hicho bado nadaiwa. Kwa hiyo tuanze na kiegemeo kabla ya nta.

Kiegemeo rahisi kuliko vyote ni karai la mchanga mkavu wa mtoni. Unachomeka kalibu ndani ya mchanga, unaiinamisha upendavyo na kuushindilia mchanga pande zote. Haisogei, na nta ikivuja kidogo chini inaishia mchangani. Hakikisha mchanga ni mkavu kabisa, kwa maana nta ya moto ikikutana na maji hurusha matone.

Ukitaka mishumaa kumi inayofanana, mchanga hautoshi. Tengeneza cha mbao. Chukua vipande viwili vya ubao vyenye urefu wa sentimita 20, uvipigilie misumari vishikane kama mfereji wa mvua. Kalibu italala ndani ya mfereji huo bila kuviringika. Funga mguu wa mfereji kwa bawaba juu ya ubao mpana wa chini, kisha weka kijiti cha kuutegemeza kwa nyuma. Huhitaji kipimapembe. Simamisha mfereji wima, halafu uulaze mpaka ncha yake ya juu iwe imekwenda kando sentimita 10, yaani nusu ya urefu wake. Hapo umepata nyuzi 30 kamili. Pigilia kibao kidogo cha kuzuia kijiti mahali hapo, na kila mshumaa utainama sawa na mwenzake. Ubao mrefu zaidi pia hufuata kanuni hiyo ya nusu.

Kalibu yenyewe ni kipande cha bomba la plastiki la fundi wa maji, la inchi 2, lenye urefu wa sentimita 18. Lipasue kwa msumeno upande mmja tu, kutoka juu hadi chini, ili baadaye uweze kulipanua na kutoa mshumaa. Lifunge kwa vipande vya blada ya baiskeli na uzibe mpasuko kwa selotepu kwa nje. Chini weka kifuniko cha mbao chenye tundu la utambi, uzibe kwa udongo wa mfinyanzi. Utambi uwe wa nyuzi tatu za pamba zilizosukwa na kuchovywa kwenye nta. Nailoni haifai, maana huyeyuka. Fundo likae chini ya kifuniko, na juu ufunge utambi kwenye kijiti kilicholala mdomoni mwa bomba. Angalia sana hapa: utambi hufuata katikati ya bomba, hata bomba likiwa limeinama. Ukiuacha ulegee utaangukia upande mmoja, na mshumaa utawaka ukutani mwake na kuchuruzika.

Pakiti ya maziwa ya karatasi ngumu pia ni kalibu nzuri, na ni bora kwa nta ya nyuki kwa sababu nta hiyo hung'ang'ania plastiki. Karatasi unaichana tu.

Kuhusu nta, tusichanganye majina. Nta nyeupe ya mishumaa huitwa nta ya parafini, lakini sio mafuta taa ambayo wengi wetu huyaita parafini. Mafuta taa yasikaribie kazi hii kabisa. Kwa wafugaji wa nyuki wa Mbeere, Tharaka na Tigania, nta mnayo tayari. Mzinga wa magogo, na ule wa paa za juu uliobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970, hukatwa masega yake mazima wakati wa kuvuna, na masega hayo ndiyo nta. Yachemshe ndani ya maji, chuja kwa kitambaa, acha yapoe; nta itaelea na kuganda juu. Masega mapya hutoa nta ya manjano, yale ya zamani hutoa ya kahawia. Hizo ni rangi mbili bila kununua chochote. Kwa nta nyeupe nunua rangi maalum ya mishumaa. Rangi ya keki ni ya maji, haichanganyiki na nta, na krayoni za watoto huziba utambi.

Usiweke nta moja kwa moja kwenye moto. Weka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na mjini Meru maji huchemka karibu nyuzi 95, kwa sababu ya mwinuko. Hivyo maji yanakulinda: nta haifiki popote karibu na nyuzi 200 ambako inaweza kushika moto. Maji yakikauka, ulinzi umekwisha. Ikishika moto, funika kwa kifuniko au mwagia mchanga, na usimwagie maji kamwe. Watoto wasicheze karibu. Aliyeungua apewe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, nta iliyoganda kwenye ngozi isibanduliwe kwa nguvu, na dawa ya meno isipakwe. Kisha aende zahanati.

Sasa kumimina. Epua kopo, ngoja mpaka ukingo mwembamba uanze kuganda kandokando. Nta ya moto zaidi ya hapo italegeza bomba la plastiki na kuyeyusha tabaka la chini, rangi zichanganyike. Kwa bomba la inchi 2 lililoinama nyuzi 30, tabaka la kwanza ni vijiko viwili vya mezani. Yanayofuata ni vijiko vinne kila moja, mara nne, ukigeuza bomba nusu mzunguko kila mara. La mwisho ni vijiko viwili bomba likiwa wima, ili juu pawe tambarare. Gramu 300 za nta zinatosha. Ukigeuza robo mzunguko badala ya nusu, matabaka yatauzunguka mshumaa kama ngazi.

Kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Gusa nta karibu na ukingo: ikiwa kama ugali uliopoa, inabonyea lakini haishiki kidole, mimina. Ikiwa ngumu na baridi umechelewa, na matabaka yataachana siku mshumaa utakapoangushwa. Asubuhi ya Julai kule Nkubu muda huu ni mfupi kuliko mchana wa Ishiara, kwa hiyo tumia kidole, usitegemee saa.

Acha usiku kucha kabla ya kufungua blada. Kabla ya kuuza, washa mmoja wenu nyumbani hadi uishe, kisha utafute kibali cha biashara cha kaunti na uulize KEBS kuhusu alama ya ubora. Ulioharibika uyeyushe tena. Rangi zitageuka kahawia au kijivu, nayo hiyo inafaa sana kuwa tabaka la kwanza la mshumaa unaofuata.