"Dawa ya Kifua" na "Dawa ya Kifua Kikuu": Nafasi ya Lugha katika Utafiti wa Mimea ya Tiba, kwa Mfano wa Njiru, Nairobi

1.0 Utangulizi

Utafiti wa mimea ya tiba huhesabiwa kuwa kazi ya wanakemia na wanabiolojia. Makala haya yanadai kwamba hatua yake ya kwanza ni ya kiisimu. Kabla ya gome kusagwa na kupimwa, mjuzi wa mti huulizwa: mti huu unatibu nini? Jibu lake ni neno, na neno likifasiriwa visivyo, maabara itapima kitu ambacho mjuzi huyo hakukidai. Hoja hii itafafanuliwa kwa neno moja, yaani kifua, kama litumikavyo Njiru, mashariki mwa jiji la Nairobi.

2.0 Polisemia ya neno kifua

Katika sensa ya mwaka 2019, kaunti ndogo ya Njiru ilikuwa na wakazi 626,482. Miongoni mwao mna wasemaji wa Gikuyu, Kikamba, Kiluhya, Kijaluo na lugha nyinginezo, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho. Mkazi asemapo "mtoto ana kifua", huenda anakusudia kikohozi cha mafua, homa ya mapafu, pumu au kifua kikuu. Jina la kiungo limepanuka maana hadi likawa jina la kila ugonjwa ukaao humo. Kivumishi -kuu ndicho kinachoutenga ugonjwa mmoja, ule unaosababishwa na bakteria aliyetangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882.

Kwa hiyo, muuza miti shamba anaposema "hii ni dawa ya kifua", huenda anasema kweli. Hata hivyo, hajasema kwamba inamwua bakteria huyo. Vitenzi navyo vina mipaka yake: kutuliza kikohozi si kuponya ugonjwa.

3.0 Kutoka jina hadi kampaundi

Tuchukue mti uitwao kitaalamu Warburgia ugandensis. Wagikuyu huuita muthiga, Wamaasai osokonoi, na Waganda mukuzanume. Gome lake, ambalo huwasha ulimi kama pilipili, hutumiwa kwa kikohozi na maradhi mengine. Mnamo mwaka 1977 wanakemia walichapisha habari za kampaundi mbili kutoka mti huu: warburganali na muzigadiali. Jina la pili limebeba muziga, jina la kienyeji la mti wenyewe. Hivyo lugha zetu zimo hata ndani ya istilahi za kemia.

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba muzigadiali huzuia ukuaji wa bakteria kadhaa walio jamaa wa yule wa kifua kikuu. Neno jamaa lizingatiwe. Bakteria wa kifua kikuu mwenyewe ana ukuta wenye nta na hukua polepole mno, na kampaundi kali yaweza kudhuru seli za binadamu pia. Kati ya matokeo ya maabara na kidonge mna majaribio mengi.

Huko Njiru, gome hufika likiwa kavu au unga, bila jani wala ua. Mnunuzi hubaki na shahidi mmoja tu, nalo ni jina. Mtafiti, kwa upande wake, huhitaji tawi lenye majani na maua lilinganishwe na sampuli za Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki iliyoko katika Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi.

Kwamba usomaji makini huzaa dawa kumethibitishwa China. Tu Youyou alizingatia maelezo ya Ge Hong, mwandishi wa karne ya 4, ya kuloweka mmea majini na kuukamua. Hayo yalimfanya ashuku joto la kuchemsha, akatumia njia isiyo na joto kali. Artemisinini, dawa ya malaria, ikapatikana, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

4.0 Athari kwa mgonjwa

Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, muda ambao ufaafu wake ulionyeshwa na majaribio yaliyofanyiwa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mgonjwa anayetuliza kikohozi kwa gome na kuchelewa kupimwa huendelea kuwaambukiza wa nyumbani mwake. Anayeacha vidonge katikati humpa bakteria nafasi ya kuwa sugu. Kosa la kisemantiki laweza kugharimu uhai.

5.0 Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi mahususi hapa. Wanapokusanya msamiati wa tiba, wasiridhike na jina la ugonjwa, bali waulize dalili: kikohozi kilidumu zaidi ya majuma mawili? Kulikuwa na damu, jasho la usiku, kupungua uzito? Aidha, waandike jina la mti katika kila lugha, sehemu itumikayo na namna ya kuitayarisha. Wazee wenye ujuzi huu wanapungua, na magome yaendelea kubanduliwa. Orodha iliyoandikwa kwa uangalifu itamfaa mtafiti, na itamlinda mgonjwa dhidi ya ahadi ambayo mti wenyewe haukuitoa.